Tupeane uzoefu: seva imegoma kuwaka, una waya wa siriali tu

Kiza_cha_Raki (mleta mada)
Wakuu, tukusanye hapa visa vya kweli vya seva zilizogoma kuwaka na namna mlivyozifikia bila skrini wala kibodi. Semeni mlichokiona na amri iliyowatoa.

Naanza. Nilikabidhiwa seva ya Linux yenye diski mbili za RAID 1, yaani moja ni nakala ya nyingine. Diski ya kwanza ikafa, hakuna aliyehangaika kwa sababu nakala ipo. Ilipozimwa ili diski ibadilishwe, haikurudi. Data zote zilikuwa salama kwenye diski ya pili, ila aliyeisimika aliiweka GRUB (programu inayouanzisha mfumo) kwenye ya kwanza peke yake. RAID ile ilinakili patisheni tu, haikugusa sekta ya kwanza ya diski wala nafasi inayofuata, na humo ndimo GRUB hukaa kwenye mashine za BIOS. Tuliwasha kwa diski ya uokoaji, tukaiunganisha RAID kwa `mdadm --assemble --scan`, tukaupachika mfumo kwenye /mnt, tukaleta /dev, /proc na /sys kwa `mount --bind`, tukaingia ndani yake kwa `chroot`, kisha `grub-install` kwenye diski ZOTE mbili.

Kazi yote hiyo ilipitia konsoli ya siriali (maandishi matupu kupitia waya, bila skrini), na ilikuwa imepangwa vizuri kabla ya balaa. Mstari wa kerneli (kiini cha mfumo) ulikuwa `console=tty0 console=ttyS0,115200n8`. Angalieni mpangilio: iliyoandikwa mwisho ndiyo inakuwa /dev/console, yaani ambako mfumo unaongea na wewe. Ukiigeuza, utaona kerneli ikiongea kwenye siriali, halafu kimya, kumbe mfumo unakuuliza nywila ya dharura kwenye skrini ambayo haipo.

Waya_Mweusi
Mkuu umenena. Ninachokutana nacho zaidi ni kasi ya siriali kutolingana. BIOS inasomeka vizuri, menyu ya GRUB inatoka alama za ajabu ajabu, kisha kerneli inasomeka tena. Watu wanalaumu waya. GRUB usipoiambia kasi inatumia 9600, wenzake wako 115200. Kwenye /etc/default/grub:

`GRUB_TERMINAL="console serial"`
`GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"`

Kisha tengeneza upya grub.cfg, maana kubadilisha faili lile peke yake hakufanyi kitu. Na kama unapitia `ipmitool -I lanplus ... sol activate` (SOL ni siriali kupitia mtandao), hakikisha ni poti ipi. Mashine nyingi hutoa SOL kwenye ttyS1, sio ttyS0. Kutoka ni `~.`, ila ukiwa ndani ya ssh andika `~~.`, la sivyo unakata ssh yenyewe.

Bint_Daemon
Sisi wa FreeBSD tuna yetu. Nimeitwa kwenye seva ya ZFS iliyofanyiwa `zpool upgrade`, ikafanya kazi bila shida hadi siku ilipozimwa. Dimbwi (diski ambazo ZFS, mfumo wa mafaili, imeziunganisha) lilikuwa limepata vipengele vipya ambavyo msimbo wa zamani wa kuwashia hauvijui. Dawa, ukiwa kwenye diski ya uokoaji ya toleo jipya:

`gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada0`

Nawaomba sana, msinakili hiyo `-i 1` kwa macho yaliyofumba. Tazama `gpart show` kwanza uone patisheni ya freebsd-boot ni namba ngapi. Ukikosea namba unaandika juu ya patisheni nyingine, na hapo tatizo la kuwasha linageuka kuwa tatizo la data. Rudia kwa kila diski ya dimbwi.

Mgeni_wa_Shell
Shikamooni wakuu. Mimi niko kwenye `grub rescue>` muda huu, patisheni ilihamishwa. `help` haijibu. Nifanyeje?

Kiza_cha_Raki
Marahaba. Usisimike upya. Hapo GRUB imepoteza moduli zake tu. Andika `ls`, kisha jaribu moja moja, mfano `ls (hd0,gpt2)/boot/grub`, mpaka uone mafaili. Ukiipata:

`set root=(hd0,gpt2)`
`set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Menyu itarudi. Mfumo ukishawaka, fanya `grub-install` na `update-grub`, maana ulichoandika hapo hakihifadhiwi.

Mgeni_wa_Shell
Zote zinasema unknown filesystem.

Waya_Mweusi
Hiyo ext4 (mfumo wa mafaili wa patisheni yako) iliundwa na nini? e2fsprogs 1.47 (zana za kuunda ext4) inawasha kipengele cha metadata_csum_seed yenyewe, na GRUB 2.06 haiielewi. Washa kwa diski ya uokoaji yenye e2fsprogs mpya, `dumpe2fs -h` uone kama imo. Ikiwemo, patisheni ikiwa haijapachikwa: `e2fsck -f`, halafu `tune2fs -O ^metadata_csum_seed`. Kama haimo, tuletee matokeo ya `ls` na ya `fdisk -l` hapa hapa.

Mgeni_wa_Shell
Imo! Naendesha e2fsck sasa.