Nitajuaje kama bei ya gari la yadi ni ya haki?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Nataka kununua gari langu la kwanza hapa Dar es Salaam, Toyota IST, na muuzaji wa yadi anasema bei ina maelewano, lakini kila ninapomwomba mchanganuo ananijibu tu kwamba kodi zote zimelipwa. Nianzie wapi ili nisipunjwe?

Jibu la 1
Ndugu, usitaje bei kabla hujajua gari limemgharimu kiasi gani. Tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo ambacho, ukiingiza aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa na ukubwa wa injini, hukuonyesha kodi zake, zikiwemo ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Jumlisha na bei ya kulinunua Japani linakotoka, nauli ya meli, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Kinachozidi hapo katika bei ya muuzaji ndicho faida yake, na ndicho mnachopaswa kupatania. Uangalie sana mwaka, kwani gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada.

Jibu la 2
Naongezea: nenda mchana, tena na fundi wako mwenyewe. Mimi nilikuta mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinaonekana, ilhali dashibodi inasoma kilomita 48,000, dalili kwamba huenda kilomita zilirudishwa nyuma. Nililiacha gari hilo palepale, ingawa muuzaji alinifuata hadi getini akipunguza bei.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Kesho naenda na fundi.