Wauza ndoana na nailoni Mtwara mjini mnatuua! "Namba 60" ni ya unene au ya nguvu?

Wakuu heshima kwenu. Hili limenikaa kooni, acha niliteme hapa.

Sisi wavuvi wa mshipi, kuanzia Shangani, Msangamkuu mpaka Mikindani, tumeimbiwa miaka nenda miaka rudi: acheni mabomu, acheni kokoro, acheni timba, vueni kwa mshipi. Sawa, na mimi naunga mkono mia kwa mia, maana miamba iliyopigwa mabomu hali yake tunaijua. Lakini mtu kashakubali, kashika mshipi wake halali, anaingia dukani anauziwa takataka kwa hela yake. Huyo mnamtaka arudi wapi?

Tuanze na nailoni. Ulizia "namba 60". Duka la kwanza utaambiwa ni unene, yaani 0.60 mm. Ukihama milango miwili, utaambiwa ni nguvu, paundi 60, ambazo ni kama kilo 27. Duka la tatu muuzaji anakukazia macho kana kwamba umemtukania mama yake. Sasa mimi nitafungaje mshipi wa vitawi, yaani mshipi mama wenye vikamba vifupi vya ndoana pembeni, kwa bidhaa ambayo anayeiuza hajui ni nini?

Nina rola hapa mezani ina karatasi inang'aa kweli, imeandikwa 0.40 mm, kilo 25. Jamani! Nailoni ya kawaida ya 0.40 inabeba kilo 8, ikizidi sana 10. Ukitaka kilo 25 unakwenda karibu na 0.70. Kwa hiyo hata kabla sijaifungua, uongo mmoja umeshajiandika wenyewe. Nikachukua kalamu ya risasi, nikaizungushia mizunguko 20, ikibanana bila kupandana, nikaweka rula. 0.40 ya kweli ingeshika milimita 8. Hii imepita 10. Yaani nimeuziwa 0.50 na ushee kwa jina la 0.40. Hicho kipimo hakihitaji mtaalamu wala mashine, mjaribu wenyewe usiku huu mje mniambie mmekuta nini.

Kuna mtu atasema si bora, nene ina nguvu zaidi. Hapana mkuu. Anayevua kolekole au chewa atasema hivyo, na ana haki yake. Mimi navua tasi, chaa na vibua. Tasi ana kamdomo kadogo, anadonoa chambo pembeni pembeni, na maji yakiwa meupe ukimwekea kamba nene anaizunguka tu anaenda zake. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaki kulisikia kabisa. Mshipi wa vitawi unafungwa kwa hesabu: mshipi mama mnene, tuseme 0.60, vitawi vyembamba, 0.35 au 0.40. Ndoana ikinasa kwenye mwamba, unavuta, kitawi kinakatika, unapoteza ndoana moja tu. Mshipi mama, chubwi (ile risasi ya kuzamishia mshipi) na vitawi vilivyobaki vinarudi chomboni. Sasa ukiuziwa kitawi kinene kuliko kilivyoandikwa, na mshipi mama uliochoka, hesabu imegeuka. Ukivuta, anakatika mama. Chubwi, ndoana zote, kila kitu kimebaki chini, na risasi siku hizi haiokotwi barabarani.

Na kwa nini mshipi mama unakuwa umechoka ungali mpya? Nendeni mkaangalie rola zinavyotundikwa barazani, nje, kwenye jua hili hili la Mtwara linalopasua ndoo za plastiki. Nailoni inaliwa na jua. Inaanza kupauka, ukiipitisha katikati ya kucha mbili unasikia inakwaruza badala ya kuteleza, ukiikunja haikunjuki vizuri. Ile ya juu kwenye rola ndiyo inayoliwa kwanza, na ndiyo anayokupimia! Nilimwambia mmoja aniletee iliyo ndani kwenye boksi, akaniambia "kaka, hiyo ya ndani ni ya jumla." Kwa hiyo sisi wa rejareja tunauziwa kilichoanikwa.

Ndoana sasa. Mungu wangu.

Kwanza namba. Kwenye ndoana ndogo namba ikipanda ndoana inapungua: 12 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4. Ukishafika 1 ndiyo unaanza 1/0, 2/0, 3/0, na hizo zinaongezeka ukubwa. Muuzaji wa ndoana hajui hili. Unamwomba namba 12 anakuletea dude la kuvulia papa, kisa 12 ni "kubwa". Nilipomkatalia akanijibu, nanukuu, "ndoana ni ndoana tu, samaki hasomi namba." Watu dukani wakacheka. Nilicheka pia, nikatoka bila kununua.

Najua viwanda vyenyewe havilingani, namba 10 ya huyu si sawa kabisa na namba 10 ya yule. Ndiyo maana wa zamani wanakwenda dukani na ndoana yao ya mfano mfukoni wanalinganisha kwa macho. Lakini ndani ya boksi moja, lililoandikwa 100, namba moja, kiwanda kimoja, utakutaje ukubwa mbili tofauti? Na nyingine tundu lake halijafunga, lina mwanya. Nailoni nyembamba inapenya kwenye ule mwanya au inakatwa na ukingo wake, utaloweka fundo kwa mate mpaka ukaukwe kinywa, haitasaidia kitu. Ncha nazo: iburuze juu ya ukucha, kali itakwama, butu itateleza. Za boksi hili zinateleza kama ziko kwenye barafu. Na ukiichoma kwenye ubao ukavuta kwa koleo inanyooka moja kwa moja, inabaki sindano. Ndoana nzuri inapanuka kidogo na kurudi.

Sheria ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Lakini utakwenda na ushahidi gani? Ukiomba risiti unaambiwa mashine mbovu, au bei inapanda ghafla.

Sidai makubwa. Andikeni unene kwa milimita na nguvu kwa kilo, vyote viwili. Rola zikae ndani. Mteja aruhusiwe kupima na kuchagua ndoana kabla ya kulipa, mbona nyanya tunachagua?

Nyongeza: naona mnanijibu "agiza Kariakoo". Wakuu, huu mzigo wenyewe umetoka Kariakoo, wenye duka wamenionyesha maboksi. Na mliosema nivue kwa nyavu, hilo silijibu.

Walioko Lindi mjini au Kilwa, kuna duka linalouza 0.35 ya kweli na ndoana namba 10 au 12 zilizofunga tundu? Nitajieni bei ya rola na ya boksi. Wiki ijayo kuna mtu wangu anapita huko, namtuma na rula.