Tupeane uzoefu: sinki la jikoni, na tundu lake ulilitia wapi?

Uani_Kwetu

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Nyumba yangu ya Tunguu, hapa Unguja, imefika jikoni. Jumamosi fundi anamwaga zege la kaunta, na jana kanisimamisha mlangoni, futi mkononi: "Mama, sinki dabo au singo? Tundu katikati au nyuma? Bomba litokee ukuta upi?" Mie nikabaki namtizama. Miaka yote nimeosha vyombo uani, nimekalia kigoda, karai mbele yangu na ndoo ubavuni, maji machafu namwagia mgomba. Sikujua kama tundu la sinki ni jambo la kuitiwa kikao.

Nimeshapita maduka Darajani na Mwanakwerekwe, na kila muuzaji anasifia alilonalo. Sitaki sifa za dukani. Nataka anayeosha kila siku aniambie kinachomuudhi. Yaliyokupateni yaleteni, mazuri na mabaya.

Mama_Pilau

Waalaykum salaam dada. Nianze mie, maana yangu yananiuma mpaka leo.

Nilinunua dabo, mabakuli mawili sawasawa, linang'ara, kwa sababu nililiona kwa wifi yangu nikalitamani. Ikaja Idi. Nna masinia sita, yale makubwa ya kulia watu watano. La kwanza nikalipeleka bakuli la kulia, haliingii. Nikaliinamisha, likaingia nusu, nusu ya pili iko hewani inamwaga maji kwenye kanga yangu. Sufuria ya pilau ndo usiseme, imekaa juu ya ule ukuta wa katikati kama mtu aliyepanda punda. Wageni wako ukumbini wanangoja chai, mie niko uani nimechutama naosha masinia kwa mpira, na sinki langu jikoni linang'ara halina kazi.

Sinia langu lina sentimita 60. Kila bakuli la dabo lile lina 36. Hesabu hiyo hata mtoto wa skuli anaiweza, ila siku ile nilikuwa natizama mng'aro.

Kibarazani

Hahaha, kama mtu aliyepanda punda! Mie ninalo dabo wala silijutii. Kwetu tuko wanne tu. Huku natia vya sabuni, huku nasuuza, na maji ya mfereji yakiwa na mgao, bakuli moja nalijaza akiba. Ila ujue kitu kimoja: mabomba ya chini yameungana. Siku njia ikiziba unamwaga kulia, yanaibukia kushoto, na punje za wali wa jana zinaelea juu yake.

Mama_Pilau

Mko wanne. Njoo kwangu Ijumaa uone.

Fundi_Mabomba

Niseme kama fundi, halafu mnitukane mkitaka, maana ndo tunaosemwa kila siku.

Tundu la katikati lina uzuri wake: maji yanajikusanya kutoka pembe zote. Ubaya wake, ukiweka sufuria inalikalia tundu, maji yanasimama, unaosha huku unainua chombo kila dakika. Na kabati la chini linakuwa la bomba tu, hata ndoo ya unga haikai. Tundu likiwa nyuma, khasa pembeni, sufuria inakaa mbele na maji yanapita nyuma yake, na chini kabati linapumua. Lakini bakuli liwe limeinamia huko tangu kiwandani, la sivyo ile pembe ya mbali itabaki na kidimbwi kila siku. Dukani liweke sawa sakafuni, mwaga kikombe kimoja cha maji, tizama yanakwenda wapi. Muuzaji akikataa, toka.

Sasa kosa ninaloitwa kulirekebisha zaidi wala si hilo. Ni kimo cha bomba la ukutani. Mwenye nyumba anamwambia mwashi atoboe ukuta, na sinki lenyewe bado halijanunuliwa. Juzi nimeitwa Kiembesamaki. Kaunta iko sentimita 90 kutoka sakafuni, bomba limeshazikwa ukutani kwa kimo cha 60. Mama kaleta sinki la kina cha 23. Haya toeni: tundu limeangukia 67. Kile kikombe cha kichungi chini ya tundu kinashuka tena kama 8. Tumefika 59, na bado sijafunga ule mpindo unaobakisha maji ya kuzuia harufu. Maji yatapanda mlima? Tukavunja vigae ambavyo havijatimiza hata mwezi, bomba likashushwa mpaka 40. Mama mwenyewe alikaa chumbani, hakutaka kusikia mlio wa patasi.

Kwa hiyo wewe wa Tunguu, nunua sinki, lilete saiti, ndo ukuta utobolewe. Kwenda nje tia bomba la inchi mbili, mwinamo sentimita mbili kila mita. Chemba ikiwa mita nne kutoka ukutani, bomba lishuke sentimita nane. Chini ya sakafu usitie kona kali moja, tia mbili za digrii 45, siku ya kuzibua waya upite. Na bomba la jikoni liwe na chemba yake kabla ya kukutana na la choo.

MtuWaWete

Huku kwetu Wete tatizo halikuwa sinki, alikuwa bibi.

Tulimtilia sinki zuri, tundu nyuma kama anavyosema fundi, bomba inchi mbili, kila kitu. Baada ya miezi mitatu maji yanashuka kwa kujivuta. Nikafungua kile kikombe cha chini, nikakinga beseni. Kikatoka kitope cheusi, kizito, ujazo wa kata mbili. Nikakisugua kwa vidole, mchanga na jivu! Kumbe bibi kila jioni anachota mchanga kule nyuma ya nyumba, anachanganya na jivu la kuni, anashika fungu la makumbi, anasugua masufuria mpaka yanatoa mwanga, kisha anasuuzia kwenye sinki. Nikampelekea lile beseni. Akatizama, akasema, "Basi hata mchanga wangu nao mmeufanyia kesi."

Kumkataza hakukuwezekana, na kusema kweli masufuria yake yanang'ara kuliko ya yeyote humu. Tukajenga sinki la pili uani, la saruji, kina kifupi, na mbele ya bomba tukaacha kishimo cha kutulizia mchanga ambacho nakichota kwa mkono kila Ijumaa asubuhi. Sasa mama naye anapaa samaki huko huko, magamba hayaingii ndani. Bibi sinki la jikoni ameliacha. Anasema ni la kunawia.

Kibarazani

Bibi kashinda hiyo kesi.

Nazi_Mbili

Mbona hakuna aliyetaja machicha? Mie sinki langu lilikuwa linaziba kila mwaka kati ya Juni na Agosti. Masika halina neno, kaskazi halina neno, ikifika kipupwe tu, maji hayaendi. Mume wangu akaanza kusema jiko lina watu wake.

Fundi aliyekuja kalikata bomba nje, kavuta kitu cheupe, kirefu, kimeviringika kama muhogo uliomenywa. Akakinusa, akaniuliza, "Unapika nazi kila siku?" Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mboga ya muhogo, ndiyo, kila siku. Akaniambia mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na usiku wa kipupwe joto linashuka zaidi ya hapo. Mafuta yameganda humo bombani, machicha niliyokuwa nasuuza kutoka kwenye kifumbu yamenasa juu yake, mwaka hadi mwaka. Nikamwambia mbona namwaga maji ya moto? Akacheka: "Hapa unayayeyusha, yanakwenda kuganda kwa jirani."

Sasa kifumbu nakikung'utia kwenye ndoo ya kuku, na sufuria naifuta kwa gazeti kabla ya kuitia maji. Wale waliowahi kufanya kazi jikoni kwenye mahoteli ya Nungwi watakwambia kule kuna chemba ya kunasia mafuta kabla maji hayajatoka. Nyumba ya watu kumi na wali wa nazi kila siku haina tofauti kubwa na hoteli, ukiniuliza mie.

Ghorofa_ya_Pili

Nyinyi wa Tunguu na Fuoni mna raha, ukuta wa tofali. Mie niko Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa, unene umepita nusu mita. Nilitaka sinki chini ya dirisha nione barabara ninapoosha. Njia ya maji iko upande wa pili wa chumba. Kutoboa nje hutoboi tu, huu ni mji wa urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na jengo haligeuzwi bila kibali. Fundi akapitisha bomba juu ya sakafu, karibu mita tano, kwa mwinamo wa kubahatisha. Likavuja kwenye kiungo, kidogo kidogo, wala hatukuona. Aliyeona ni jirani wa chini, doa kwenye dari, halafu boriti moja ikaanza kulegea kama mkate uliolowa chai. Niliombana naye radhi na boriti nikaibadilisha kwa pesa yangu.

Sinki sasa liko ukuta wa giza, karibu na bomba la zamani linaloshuka. Barabara naisikia tu.

Niko_Muscat

Nyumba yangu Chukwani naifunga miezi kumi kwa mwaka. Kila nikirudi nikifungua mlango wa jiko, harufu inanipokea kabla ya ndugu, na mende wametoka tunduni wametandawaa. Yale maji ya kwenye mpindo hukauka, njia ya karo ikabaki wazi. Siku hizi kabla ya kufunga namwaga lita moja ya maji na juu yake vijiko kadhaa vya mafuta ya kupikia, yanazuia maji yasipae haraka. Kisha natia kizibo. Mwaka huu nilipokewa na ndugu kwanza.

Uani_Kwetu

Jamani nimesoma yote, ya bibi wa Wete nimeyasoma mara mbili. Swali moja tu. Muuzaji wa leo kanionesha sumaku, kaiweka kwenye sinki haikushika, kasema hiyo ndo dalili ya chuma kisichopata kutu. Kweli?

Fundi_Mabomba

Nusu kweli. Sumaku ikishika kwa nguvu, liache. Lakini isiposhika haijamaliza maneno, kwa sababu chuma namba 201 na namba 304 zote kwa kawaida hazishiki, na unayoitaka ni 304, ile ya kromiamu 18 na nikeli 8. Huku kwetu hewa ina chumvi na visima vingi vya pwani vina chumvi, ile 201 inaota vidoa vya kahawia mapema. Tizama kama namba imegongwa chini ya bakuli. Gonga na kwa kidole: jembamba linalia kama debe, lenye milimita moja au zaidi linatoa sauti nzito. Hata hiyo 304 usiilaze na dawa ya klorini usiku kucha, na usiisugue kwa waya wa chuma, vile vipande vinavyobaki ndo vinavyoota kutu halafu watu wanalaumu sinki.

Uani_Kwetu

Narudi na habari. Leo nimepanda daladala na sinia langu kubwa kwapani. Konda kaniuliza, "Bi mkubwa, harusi ya nani?" Nikamwambia ya sinki. Watu gari nzima wakacheka.

Dukani nimelitia sinia katika masinki manne mbele ya muuzaji, kwanza kanuna, la tatu akaanza kunisaidia kushika. Dabo zote mbili zimeshindwa. Singo la sentimita 60 limekwama mdomoni. La 75 sinia haliwezi kulala, lakini linasimama limeegemea, nalizungusha kwa mkono mmoja na maji yote yanabaki ndani. Nimemwaga kikombe cha maji, yakaenda tunduni yote isipokuwa matone. Tundu liko nyuma, pembe ya kushoto, na chemba yangu nje iko kushoto. Kina 22. Namba 304 imegongwa chini, nimeisoma kwa tochi ya simu. Na ua wangu siuachi: fundi ataniwekea la saruji karibu na mgomba, la samaki na mchanga.

Jumamosi zege halimwagwi mpaka sinki lifike saiti. Fundi kanuna kidogo, nimempelekea mkate wa kumimina.