"Zimenenepa tu": betri zangu nne za droni zimeuawa na mtu mnayemjua

Kipanga wa Nyakato:
Wakuu, mwadila. Naandika huku mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata bodaboda sikupanda, nimetembea na hasira zangu kutoka mjini mpaka Nyakato.

Yule bwana fundi redio mnamjua. Jina silitaji, uzi usije ukafungwa, lakini yeyote wa Mwanza aliyewahi kuharibikiwa na kitu chenye waya amewahi kukaa kwenye benchi lake. Yule wa "niachie mimi, hapa kwangu ni benki." Nikamwachia. Betri nne za droni, aina ya lipo (lithiamu ya mfuko laini), za seli nne, zile kubwa za 5000 mAh. Leo nimezifuata. Kazitoa kwenye mfuko wa rambo, kaziweka mezani, ya kwanza ikabingirika. Betri bapa, wakuu! Kitu cha pembe nne kimebingirika kama chungwa!

Nikamuuliza, kaka, hizi zimefanyaje? Akaniangalia. Akawageukia wateja wake. Akasema: "Zimenenepa tu. Si unaona zimetunzwa?"

Benchi zima likacheka. Kuna mama mwenye ndoo ya dagaa alicheka mpaka akashika ukuta.

Zimenenepa tu!

Sikilizeni nilivyoziacha. Mwezi wa pili mama aliugua, nikapanda meli kwenda Nansio, Ukerewe, nikajua sitarusha kwa muda mrefu. Nyumba yetu kule ni ya bati, saa nane mchana ndani unakaanga yai juu ya godoro, na joto ndilo adui wa kwanza wa betri hizi. Kwake kuna kile chumba cha nyuma, sakafu ya saruji, baridi mwaka mzima. Nilimwachia kwa sababu hiyo, nilikuwa nazionea huruma. Nikazilaza mwenyewe mbele ya macho yake: volti 3.85 kila seli, 15.4 kwa betri nzima, nikamwonyesha kwenye kioo cha chaja. Nikamwambia, kaka, hii ni nusu ya makusudi. Usizijaze. Wala zisiachwe ziishe, seli ikishuka chini ya volti 3 umeshaiua. Ziweke kwenye lile sanduku la bati, funga, nitakuwa nakupigia uzipime. Na karatasi nikabandika, herufi kubwa kama za bango la harusi: USICHAJI.

Wiki ile ile akazichomeka zote mpaka 16.8, zikajaa pomoni. Halafu akazitoa sandukuni "zipate hewa," akazipanga dirishani. Dirisha linatazama magharibi! Jua linalipiga toka saa saba mpaka linazama ziwani. Miezi minne! Lipo ikikaa imejaa hivyo kwenye joto, dawa ya ndani inachakaa na kutoa gesi, gesi haina pa kutokea, mfuko unafura. Huo ndio unene anaousema. Karatasi yangu nimeikuta kaifungia karanga.

Namweleza yote hayo, yeye anapuliza vumbi kwenye redio ya mtu. Nikimaliza anageukia benchi tena: "Kaniletea zimekonda, namrudishia zimenenepa, analia." Wakacheka upya. Yule mama akakaa chini kabisa.

Halafu akachukua pini. PINI, wakuu! Anataka aitoboe itoe upepo kama tairi la baiskeli. Nikamrukia mkono. Ukitoboa lipo yenye chaji inalipuka moto hapo hapo, na pembeni yake kuna chupa ya thina. Tungekaangwa wote, dagaa wa yule mama wakiwa wa kwanza.

Kesho asubuhi nilikuwa nivuke daraja la Busisi, kuna mzee Sengerema ana shamba la mpunga, nusu ya pesa kanipa. Nirushe nini? Nimwambie nini? Kwamba zimenenepa tu?

Sato Mbichi:
Hizo hazijanenepa, hizo ni mimba. Muulize za nani.

Binti Kirumba:
Mwaka 2018 droni ilikuwa inabeba dawa kutoka bara hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Wewe mwenye droni yako ukapanda meli, betri ukaziacha kwa fundi redio. 😂😂

Kipanga wa Nyakato:
Dada, zile zilikuwa ndege za kampuni. Yangu nimeiunganisha kwa mikono yangu, injini moja moja, mwaka mzima wa kujinyima. Usicheke tafadhali.

Mzee wa Feri:
Kijana, pole. Ila miezi minne? Mimi hata mwavuli simwachii mtu miezi minne.

fundi_halisi:
Ndiyo maana mimi natumia droni za DJI. Betri zake zina akili, zikikaa siku kadhaa bila kurushwa zinajishusha chaji zenyewe. Hata hizo usizisahau mwaka mzima, kila miezi mitatu hivi unaziamsha. Mleta uzi, hizo nne usichaji tena hata kwa majaribio. Ndoo ya mchanga, nje ya nyumba.

Kipanga wa Nyakato:
Ziko kwenye mchanga tayari, uani, mbali na kuku. Nimeketi nazitazama kama nipo msibani. Na bado nasikia ile sauti yake. Zimenenepa tu. Angesema "samahani kaka" ningenyamaza, naapa.

Mwana wa Igoma:
Kibali cha TCAA, wale wa usafiri wa anga, unacho?

Kipanga wa Nyakato:
Ninacho! Kibali kinahusiana nini na pini?

Mwana wa Igoma:
Nimeuliza tu mkuu, usipaniki.

Sato Mbichi:
Huyo bwana redio yangu alinirudishia inashika stesheni moja, ya Kirundi. Nikamlalamikia, akaniambia nijifunze lugha.

Binti Kirumba:
Simu yangu alisema imeingia maji. Nilikuwa nimempelekea kubadilisha kioo tu! Iliingia maji ikiwa kwake!

Karabai:
Nyie vijana msimwonee mzee wa watu. Kazoea betri zetu za maji, za taa za dagaa. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inapumzika siku kama kumi, na betri ya maji lazima ilale IMEJAA. Ikilala tupu, sahani zinafunga ukoga mweupe, ukiichaji haishiki tena. Huyo bwana kazilea za droni kwa sheria za dagaa. Kwa nia njema.

Kipanga wa Nyakato:
Mzee wangu nakuheshimu, na hilo nalijua. Za maji zinalala zimejaa, za lithiamu zinalala nusu. Ndiyo maana NILIANDIKA. Kama hajui, asome karatasi! Kama hasomi, apige simu! Nia njema gani inashika pini na kunifanya nichekwe mbele ya watu?

Karabai:
Sawa mwanangu. Ila afadhali wewe zako zilijazwa. Mimi shemeji yangu alisubiri mbalamwezi, akachukua betri mbili za taa, akaonyesha mpira kijijini kwa kiingilio. Akazirudisha tupu kabisa, hakusema. Giza limeingia, tumefika katikati ya ziwa, taa inawaka kama kiberiti. Vijana sita mtumbwini wananitazama mimi.

Mzee wa Feri:
Shemeji! Hao ndio wabaya kuliko fundi.

Binti Kirumba:
Kiingilio alikugawia?

Karabai:
Alininunulia soda. Moja.

Sato Mbichi:
😂😂😂 Soda moja kwa betri mbili

Kipanga wa Nyakato:
Jamani, turudi kwenye betri zangu. Nani Mwanza ana lipo ya seli nne ya kuazima kesho tu? Shamba ni eka tatu, dakika kumi nimemaliza.

Mzee wa Feri:
Karabai, hiyo betri iliyolala tupu ilikaa siku ngapi? Kama ni chini ya wiki, jaribu chaja ya taratibu usiku kucha, mimi yangu ilirudi.

Karabai:
Siku tisa.

fundi_halisi:
Tisa ni nyingi, lakini si kaburi. Maji yamefunika sahani? Yakipungua ongeza ya betri, si ya bomba. Mkipumzika tena nitakuja na mita tupime seli moja moja.

Karabai:
Karibu sana, Mwaloni muulize yeyote. Na shemeji nitamwita awepo.

Binti Kirumba:
Mimi nakuja kumwona shemeji tu.

Kipanga wa Nyakato:
Seli nne, wakuu. Hata moja.