Saratani ya kongosho: kumkatia mgonjwa wanga kunasaidia?

Mdau, Nachingwea: Wakuu, mama mkubwa ana saratani ya kongosho. Ndugu wamemkataza ugali, wali, hata ming'oko, eti sukari inalisha uvimbe. Anakonda, choo kinaelea na kina mafuta. Tuendelee?

Jibu 1: Hapana, mrudishieni chakula. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi zina badiliko la KRAS, jeni inayoamrisha seli zikue. Seli zake huvuta glukosi nyingi, kweli, lakini pia humeza protini zilizo nje yake na kusaga sehemu zake zenyewe. Ukiziba sukari zinapitia kwingine. Anayeisha ni mgonjwa. Dawa ya haidroksiklorokwini, inayozuia kujisaga huko, ilipojaribiwa peke yake haikufua dafu, ndiyo maana watafiti wakaiunganisha na dawa zinazofunga njia ya KRAS.

Jibu 2: Naongezea, maana hicho choo ndicho kinachomkondesha. Mafuta hayasagwi, vimeng'enya havifiki kwenye utumbo. Muulizeni daktari kuhusu pankreatini, dawa ya kumeza yenye vimeng'enya vya kongosho. Mtu mzima kwa kawaida huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi (kimeng'enya kinachosaga mafuta) kwa mlo, nusu yake kwa kitafunwa. Ameze tonge la kwanza linapoingia, nyingine katikati. Akisubiri amalize kula, dawa haichanganyiki na chakula. Asitafune, asimezee chai ya moto: joto huua vimeng'enya. Kwa jua letu la Kusini, kopo lisikae karibu na bati. Kisamvu cha korosho ale. Choo kikiendelea kuelea, daktari aangalie dozi. Na pimeni sukari ya damu, insulini nayo hutoka kongosho.