Shule za Marekani: mtoto wa miaka 14 anapewa dakika kumi apange miaka minne, mzazi unaletewa karatasi ya kusaini tu!!

Wakuu habari zenu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaficha, nimetoka shifti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, mpaka sasa sijalala, niko mezani na makaratasi ya shule ya binti yangu na kila nikigeuza ukurasa naona kitu kingine cha kunitibua roho. Nawaandikia hasa wenye watoto huku Texas na wale mnaotarajia kuleta watoto wenu, maana haya mambo hakuna aliyeniambia, na sisi wenyewe Waswahili tunaojua tunakaa kimya.

Binti yangu kaja mwaka jana mwezi wa sita. Alikuwa Morogoro kwa bibi yake, kasoma form one yote na form two nusu. Mwezi wa nane akapelekwa darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza wa high school. Sawa, kwa umri wake ndiyo darasa lake, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kilichofuata. Kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, kamuita ofisini, mtoto ana siku tatu shuleni, hajui hata choo kiko wapi, kamuwekea karatasi ya masomo mbele akamwambia chagua. Dakika kumi. Mimi sikuitwa, sikupigiwa simu, sikutumiwa hata meseji. Mtoto wa Kitanzania mbele ya mtu mzima wa ofisini unategemea aseme nini? Kila alichoulizwa kaitikia "yes madam" na wakamjazia wanachotaka wao.

Kesho yake akaja na karatasi nisaini. Nakumbuka vizuri maana nilisainia kwenye usukani wa gari, nimetoka kugeuza wazee kitandani usiku kucha, macho yanawasha, ye yuko pembeni na begi anasema mama wahi basi linakuja. Nikasaini. Nilidhani ni ratiba tu ya muhula, kama sisi tulivyokuwa tunanakili ratiba ubaoni. Kumbe nimesaini mpango wa miaka minne!

Sasa ngoja niwaeleze walichomjazia. Hesabu kawekwa Algebra 1 pamoja na kipindi kingine cha ziada cha "kumsaidia hesabu". Jamani huyu mtoto form two ameshafanya quadratic, logarithm, Pythagoras, amekuja na kaunta buku lake la hesabu lote vema vyekundu vya mwalimu mpaka mgongo wa daftari umeachia. Wiki ya pili tu ananiambia mama namaliza maswali kabla mwalimu hajamaliza kugawa karatasi. Nikaomba nione, kanionesha, chini ya maswali kajaza maua na nyumba alizochora kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, ndiyo kazi anayofanya dakika arobaini zinazobaki. Mtoto anayechora nyumba kwenye kipindi cha hesabu kila siku mwaka mzima na hakuna mwalimu aliyeuliza kwa nini.

Kiingereza kawekwa kwenye darasa la wanaojifunza lugha. Hapo nilikuwa tayari kuelewa, mtoto mgeni, lafudhi ya huku ni ngumu, lakini ukishaona anapata A miezi yote si umhamishe? Secondary yote kwetu tunafundishwa kwa Kiingereza, baiolojia kasoma kwa Kiingereza, fizikia na kemia vilevile, na zote kwa pamoja tangu form one. Huku wanasoma moja moja, mwaka huu baiolojia, mwakani kemia, ndo wanavyofanya. Ila ripoti zake za shule nilizipeleka, zina mihuri, zimeandikwa Kiingereza, na kwenye rekodi yake wameandika krediti 0, krediti ndiyo wanayohesabia masomo uliyomaliza. Sifuri. Mwaka mmoja na nusu wa mtoto hakuna aliyeusoma. Na kanuni za elimu za Texas zinataka rekodi za mtoto aliyetoka nje ya nchi zipitiwe na awekwe haraka kwenye madarasa yanayomfaa, si mimi nasema, imeandikwa.

Halafu Kihispania. Hapa ndipo damu inachemka. Kuhitimu unatakiwa uwe na krediti mbili za lugha isiyo Kiingereza. Huyu mtoto anaongea Kiswahili, anaandika barua kwa bibi yake kwa Kiswahili safi kunishinda mimi, na Kiluguru anakisikia. Wamemuweka Spanish 1 anajifunza kuhesabu uno dos tres. Huku kuna utaratibu unaitwa credit by exam, mtoto anafanya mtihani wa kitu anachokijua, akipata 80 kwa mia kama hajawahi kukisoma darasani, au 70 kama alishakisoma, anapewa krediti bila kukaa darasani. Nimeuliza, Kiswahili vipi? Jibu nililopewa dirishani, "hatujawahi kupata ombi hilo." Kwa hiyo? Hili jimbo limejaa Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu na Uganda, Watanzania, Wakenya, Warundi, shuleni kwake tu ukisimama getini saa za kutoka unasikia Kiswahili kila upande, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba? Au waliomba wakajibiwa hivihivi dirishani?

Ila yote hayo ni cha mtoto, kilichoninyima usingizi ni hiki. Jana analeta karatasi ya kuchagua masomo ya mwakani, naangalia ule mpango wa miaka minne, hesabu imeandikwa Algebra 1, halafu Geometry, halafu kitu kinaitwa Mathematical Models, mwaka wa nne pako wazi. Algebra 2 haipo! Nikampigia dada mmoja wa kanisani ambaye mwanae kamaliza, akanyamaza kwenye simu kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo wamemtoa njiani."

Sikilizeni kwa makini wenye watoto Texas. Tangu mwaka 1997 kuna sheria hapa, mtoto akimaliza kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia moja kwa moja vyuo vikuu vya serikali vya jimbo, isipokuwa kile kikubwa cha Austin, wao wamebana zaidi ya hapo. Kwa mtoto wa kwetu ambaye baba hana hela na mama anafanya usiku, hiyo ndiyo barabara. Lakini kuna masharti yake, kwa kawaida anatakiwa awe amehitimu kwa kiwango kinachoitwa Distinguished Level of Achievement, na hicho kiwango kinataka hesabu miaka minne NA ndani yake Algebra 2 iwemo, sayansi miaka minne, na endosmenti moja, yaani ule mwelekeo mtoto anaotakiwa auandike anapoingia darasa la tisa. Krediti zote 26. Kwa hiyo binti yangu angeweza kuwa wa kwanza shule nzima, GPA, yaani wastani wa alama zake, inameremeta, na bado ule mlango usifunguke, kisa karatasi niliyoisainia kwenye usukani. Na mwelekeo walimtikia ule wa mchanganyiko, Multidisciplinary, wakati mtoto tangu darasa la tano anasema anataka ufamasia. Walimuuliza? Nimemuuliza mwenyewe, anasema "aliniuliza kama napenda vitu vingi nikasema ndiyo."

Sanaa kawekwa kupanga maua. Nimeulizia, ni somo halali, linahesabika kama krediti ya sanaa, na siku moja kaniletea shada la waridi nyeupe kalipanga vizuri kweli, limekaa mezani wiki nzima. Sina neno na maua. Neno langu ni kwamba walihakikisha krediti ya sanaa imekaa sawa, Algebra 2 wakaisahau.

Nikaanza kuuliza wazazi wengine, ndo nikakasirika zaidi. Kuna mama mmoja Mkongo, kijana wake yuko darasa moja na binti yangu, yeye aliitwa shuleni kweli, ila Kiingereza hana, na mkalimani waliyempa ni huyohuyo mtoto wake! Kijana wa miaka 14 anatafsiri kikao kinachomhusu yeye. Akamwambia mama yake wanasema niko vizuri, saini hapa. Mama kasaini, kaondoka na furaha. Hii nchi ina sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na Mahakama ya Juu yao mwaka 1974 kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, Lau v. Nichols, ilisema shule haiwezi kumuacha mtoto nje ya elimu kwa sababu ya lugha. Mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani na shule ndiyo inalipa. Ombeni. Msikubali mtoto awatafsirie!

Sasa likizo. Mwezi wa pili ilikuja barua nyumbani, karatasi nene, muhuri wa rangi ya dhahabu, jina la binti yangu limeandikwa kwa herufi za kulala, "umechaguliwa" kwenye programu ya uongozi ya kiangazi, siku tisa. Nililia jamani. Nilimpigia bibi yake Morogoro usiku nikamwambia mjukuu wako kachaguliwa. Kugeuza nyuma, dola 3,400, nauli juu yako. Nikaenda kwenye kikoba chetu kuomba mkopo, mweka hazina akaniuliza mwanao aliomba lini hiyo nafasi? Hakuomba. Basi akaniambia na wa kwake aliletewa barua hiyohiyo, na wa jirani yake pia. Nashukuru Mungu nilikuwa sijatuma hata senti.

Na wakati huohuo kuna Upward Bound, programu ya serikali ya Marekani tangu miaka ya sitini, ya watoto wa familia za kipato kidogo ambao wazazi hawana digrii, yaani sisi kabisa, wanachukuliwa kuanzia darasa la tisa, wanasaidiwa masomo mwaka mzima na kiangazi wanakaa chuoni wiki sita wanasoma, BURE. Chuo chenye hiyo programu kiko dakika ishirini toka kwangu. Nilipopiga simu wiki iliyopita wakaniambia nafasi za mwaka huu zimeshajaa, kaunsela wa shule ndiye anayegawa fomu. Kaunsela yuleyule. Nilipomuuliza likizo mtoto afanye nini, aweze kusoma Geometry kiangazi ili mwakani aingie Algebra 2 moja kwa moja, kanijibu kwa tabasamu, "Let her rest, mom." Apumzike na nini? Amepumzika mwaka mzima anachora nyumba!

Nilichokwisha kufanya mpaka sasa, nimeandika barua pepe, si simu, kwa kaunsela na nakala kwa mkuu wa shule, nimeomba mpango wa miaka minne ubadilishwe na Algebra 2 iandikwe, nimeomba tarehe za credit by exam ya Algebra 1 na Geometry, na nimeomba kwa maandishi mtihani wa Kiswahili ili wanijibu kwa maandishi. Kesho yake tu nimepewa kikao Alhamisi saa mbili asubuhi. Miezi saba nilikuwa napiga simu naambiwa acha ujumbe.

Ninachoomba kwenu, kama kuna mtu mtoto wake kapata krediti ya lugha kwa Kiswahili Texas aniambie ni mtihani upi na wilaya yake ya shule walikubalije, hata PM sawa. Na kama kuna aliyefanikiwa kurekebishiwa krediti za form one na form two naye anisaidie alipeleka nini. Mimi Alhamisi naunganisha toka shifti, silali, na lile kaunta buku la hesabu nalibeba hivyohivyo na mgongo wake ulioachia.