Mrejesho: siasa na falsafa digrii moja, mwaka wa kwanza umeisha

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Mwaka jana niliuliza kama inafaa kusoma siasa na falsafa kwa pamoja huku Uingereza, wengi mkasema nitarudi kuuza maneno tu bora nikasome sheria.

Basi nimeingia na mwaka wa kwanza umeisha. Kilichotutoa jasho sio siasa, ni lojiki, yaani kanuni za kujenga hoja. Kuna P na Q (herufi zinazosimama badala ya sentensi) na majedwali ya ukweli ya kupima lini sentensi ni kweli au si kweli, kama P basi Q, sio Q, kwa hiyo sio P, kurasa kwa kurasa, waliokimbia hesabu walilia jamani.

Utamu sasa: asubuhi unamsoma mwanafalsafa Hobbes anavyosema bila dola watu tutatafunana, mchana unachambua katiba na mifumo ya uchaguzi, yaani jambo lilelile ila unaligeuza upande wa pili. Semina ya mwanafalsafa Rawls (unachagua sheria za nchi kabla hujajua utazaliwa tajiri au fukara) nikawatupia Azimio la Arusha la 1967, mwalimu akasema hiyo iandikie insha kabisa. Si hata Nyerere alichukua MA yake Edinburgh 1952?

Muda ni miaka 3 England, Scotland 4. Vipindi vichache ila kusoma ni kwingi mno na hakuna wa kukusukuma. Sheria nayo haijafungwa, ukimaliza kuna kozi ya kuhamia huko, nimemwambia mzee kapoa kidogo, ila bado akipiga simu ananiita mheshimiwa.